Karai la Mama
Mama anauza chipsi Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Karai lake ndilo lililonisomesha chuo kikuu. Nilipoandika gazetini kuhusu migahawa inayomwaga mafuta kwenye karo, yakaganda, bomba likaziba na majitaka kurudi uani, sikutaja kwamba uani kwetu nako kunanuka.

Bwana afya akaja kutoka Kilosa, gazeti mkononi (kumbe bado wanasoma!). Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamruhusu kuamuru kero iondolewe. Akatoa siku 14: ijengwe chemba, maji yatulie humo, mafuta yaelee, yachotwe, ndipo maji yaende shimoni.

Mama akanitazama.

“Baba, wewe ndo umemwita?”

“Hapana, mama.”

Nikaenda kuulizia bei ya saruji.