Mama yupo nyumbani, lakini mlango umefungwa

Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara kuingia Rwanda, mambo mawili hubadilika kabla basi halijafika mbali. Gari linahamia upande wa kulia wa barabara, na saa inarudi nyuma kwa saa moja. Watu wazima wengi husinzia wakati huo. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa amekaa dirishani ndiye aliyeona, akamtikisa mama yake: “Mama, dereva amekosea njia!”

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Familia hiyo ya watu watatu ilikuwa inahama kutoka Mwanza kwenda Kigali, safari ya kutwa nzima. Baba, mhandisi, alikuwa amepata mkataba wa miaka miwili kwenye mradi wa ujenzi huko Bugesera, kusini mwa jiji. Mama ni mhasibu. Kazi yake haikuhitaji kuhama, kwa kuwa mwajiri wake yuko Toronto, Canada, na ofisi yake ni kompyuta, intaneti na spika za masikioni. Alipoambiwa kuhusu Kigali alisema jambo ambalo wazazi wengi wanaofanya kazi kwa njia ya mtandao husema: popote penye intaneti, yeye anaweza kuishi.

Walipata nyumba Nyamirambo, upande wa magharibi wa jiji. Mtanzania akifika hapo hajisikii yuko mbali na kwao. Tangu enzi za ukoloni, wafanyabiashara na Waislamu waliotoka pwani walikaa maeneo haya na Biryogo ya jirani, na Kiswahili hakikuondoka. Adhana inasikika, chapati zinakaangwa kando ya njia, na mwenye duka hakosi maneno mawili matatu ya kumjibu mgeni. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hata saa zinahesabiwa kama kwetu, asubuhi ikianza na saa moja. Kisamvu wanakiita isombe, na mtoto alikitambua kwa kijiko cha kwanza.

Yapo pia mambo ya kujifunza. Mwaka wa shule wa Rwanda unaanza Septemba, si Januari, kwa hiyo kijana aliyekuwa amefika katikati ya darasa la pili Mwanza alilianza upya. Masomo ni kwa Kiingereza. Jua linazama mapema kwa saa ya huko: Mwanza alizoea kucheza nje hadi karibu saa moja, lakini Kigali saa kumi na mbili na robo giza limeshaingia. Na kuvuka barabara kuna kanuni yake. Mtoto aliyefundishwa kutazama kulia kwanza, huku anapaswa kuanza kushoto, maana ndiko pikipiki zinakotokea. Baba alitumia Jumapili nzima kumfundisha hilo, huku akimshika mkono.

Kitu ambacho hakuna aliyekifundisha ni saa za mama.

Toronto inapofika saa tatu asubuhi, Kigali ni saa tisa alasiri. Hapo ndipo siku ya kazi ya mama ilipoanza, na iliisha saa tano usiku. Mtoto aliondoka kwenda shule saa mbili kasoro, mama akiwa bado mzito wa usingizi. Alirudi saa kumi na moja jioni na kukuta mlango wa chumba cha kazi umefungwa. Dada wa kazi alimpa uji au chai, kisha naye akaenda kwao. Baba alifika saa mbili usiku. Kwa hesabu ya haraka, mama aliyekuwa nyumbani siku nzima alikuwa huru muda ambao mtoto hayupo, na alikuwa kazini muda ambao mtoto yupo.

Kwa miezi miwili ya mwanzo ilivumilika. Kikao kirefu cha wiki kilikuwa Jumatatu, saa kumi hadi saa kumi na moja. Kilipokwisha, mtoto alikuwa anagonga geti. Mama alitoka dakika kumi, akamkumbatia, akaangalia daftari, akarudi ndani.

Kisha ikafika Jumapili ya kwanza ya Novemba. Siku hiyo Toronto hurudisha saa zake nyuma kwa saa moja kwa ajili ya majira ya baridi. Afrika Mashariki haina utaratibu huo, na mama hakuutilia maanani. Kesho yake kikao cha saa kumi kikawa cha saa kumi na moja.

Jumatatu hiyo mvua ilikuwa imenyesha mchana na mawe ya kichochoroni yalikuwa yanateleza. Mtoto alianguka akirudi shule, goti likachunika. Dada wa kazi alikuwa anasubiriwa kwao, akamfungulia, akaaga na kuondoka bila kuliona goti. Mtoto aligonga mlango wa mama. Mama, macho kwenye kioo na watu sita wakimsikiliza akieleza hesabu za mwezi, aliinua kiganja: subiri. Mtoto alisubiri. Aligonga tena. Kiganja kikainuka tena.

Kikao kilipokwisha, nje kulikuwa kunaingia giza. Mama alifungua mlango akaita. Kimya. Begi la shule lilikuwa sebuleni, na sakafuni kulikuwa na matone mawili ya damu. Geti lilikuwa wazi.

Alitoka na kandambili. Juu ya kilima taa zilikuwa zinawashwa, na chini, barabara kuu ilikuwa imejaa pikipiki za jioni. Alichofikiria ni kimoja tu: mtoto akiwa na hofu, atatazama upande gani kwanza?

Alitaka kugonga mlango wa jirani, akatambua kwamba hajui jina la jirani hata mmoja. Alikuwa amekaa mtaa huo zaidi ya miezi miwili. Alimfahamu kijana wa pikipiki aliyempeleka sokoni Kimironko, basi. Alikimbilia dukani na kumwuliza mwenye duka kama ameona mtoto. Yule kijana hakuuliza mtoto gani. Alinyoosha mkono kuelekea geti la bluu, nyumba ya tatu kutoka kwake.

“Mtoto wa Watanzania? Yuko kwa bibi.”

Alimkuta kwenye mkeka, goti limesafishwa na kufungwa kitambaa, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Mwanamke mzee aliyekaa karibu naye aliinuka.

“Shikamoo mama,” mama alisema, pumzi zikiwa bado hazijatulia.

“Marahaba mwanangu. Usiogope. Anakuja hapa siku nyingi, sikujua kama hujui.”

Hapo ndipo mama aliposhindwa kuzuia machozi. Mtoto alikuwa na bibi wa pili, hatua chache kutoka nyumbani, na yeye hakuwa na habari. Alijua njia ya kwenda huko, alijua jina la paka wa pale, alikuwa ameshaanza kusema “murakoze” akipewa kitu. Mtaa mzima ulimjua mtoto, na haukumjua mama yake.

Usiku ule wazazi hawakulala mapema. Baba aliuliza kama kazi ile inafaa. Mama alimkumbusha kuwa mshahara wake ndio unaolipa ada na kujenga nyumba ya bibi Mwanza, na kwamba mkataba wake unafanywa upya kila baada ya miezi mitatu. Aliogopa kulalamika. Mwajiri ambaye hujawahi kumpa mkono, alisema, anaweza kukuacha bila hata kukutazama usoni.

Hata hivyo, siku ya tatu aliandika barua pepe fupi. Alieleza kwamba saa zao zimerudi nyuma lakini za Kigali hazijarudi, na kwamba kikao sasa kinaangukia muda mwanawe anaporejea shule. Aliomba kiwahishwe kwa saa moja. Jibu lilikuja usiku huohuo: sawa, na samahani, hakuna aliyekuwa amelifikiria. Aliomba pia kupumzika kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja jioni na kufidia usiku. Nalo likakubaliwa.

Jambo la pili halikuhitaji barua pepe. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, Rwanda nzima hufanya umuganda, kazi ya pamoja ambayo mzee wa Kitanzania angeiita msaragambo. Maduka hufungwa, magari hupungua, watu hutoka na majembe na mafagio. Septemba na Oktoba baba alikwenda peke yake, mama akilala kufidia usiku wa Ijumaa. Novemba alitoka, kwa jembe la kuazima.

Kazi ilikuwa kuzibua mfereji uliojaa udongo wa mvua. Baada ya hapo watu hukaa na kuzungumza mambo ya mtaa. Kikao kilikuwa cha Kinyarwanda, na bibi wa geti la bluu alikaa pembeni yake akimtafsiria kwa sauti ya chini. Alijulishwa kwa kiongozi wa mtaa, akaandikisha namba ya simu. Aliporudi nyumbani alikuwa na malengelenge mawili viganjani na majina saba kichwani, ambayo aliyaandika kwenye karatasi asije akayasahau.

Karatasi hiyo bado ipo, imebandikwa ukutani kando ya kompyuta. Chini yake ameongeza tarehe moja: Jumapili ya pili ya Machi, siku ambayo Toronto itapeleka saa mbele tena.

Siku za kazi mlango bado unafungwa, lakini ikifika saa kumi na mbili unafunguliwa, na mtoto anakula na mama yake. Baadhi ya jioni anaomba wale kwa bibi. Wakati wa likizo ya Krismasi walikwenda Mwanza, na bibi mzaa mama alipomshika mkono kuvuka barabara, kijana alitazama kushoto kwanza. Bibi akamgeuza kichwa taratibu.

“Huku anza kulia, mjukuu wangu.”

“Najua, bibi,” akajibu. “Nilikuwa nimesahau niko wapi.”