Faili Halipo, Njoo Kesho

Sisi tunaojifunza kuandika riwaya tunaitwa watu wa kubuni. Sawa, tunabuni. Lakini wapo wenzetu wanaobuni kutushinda, na hakuna aliyewahi kuwaita waandishi. Hao wanakaa maofisini, na hadithi zao zinaitwa mihtasari.

Mimi ni mtoto wa Mbeya. Nilimaliza kidato cha nne, mchana nauza vitabu vya mitumba Mwanjelwa, usiku naandika. Mjomba wangu yuko Mufindi, mkoani Iringa. Kule miti ndiyo benki: mtu anapanda misindano leo ili mjukuu aje asome. Mwaka juzi akasikia ati eneo la kijiji, pamoja na shamba lake la bondeni, limepewa mwekezaji wa miti. Nani kakubali? Akajibiwa, mkutano mkuu wa kijiji. Lini? Kimya.

Sasa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, yaani mkutano wa wanakijiji wote wenye miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo ile karatasi ya muhtasari si karatasi tu, jamani. Ndiyo shamba lenyewe.

Tulikwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, mara nne. Mara ya kwanza faili liko kwa bosi. Mara ya pili bosi yuko semina. Mara ya tatu nikaulizwa, "Kijana, wewe kinakuhusu nini?" Mara ya nne nikaja na barua niliyoiandika kwa mkono, nikataja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016. Karani akaisoma, akairudia, akanyanyuka kwenda chumba cha ndani.

Siku ya ishirini na sita tukaitwa. Nakala tukanyimwa, ila tukasomewa. Jina la mjomba lilikuwa la kumi na nne kati ya waliohudhuria na kunyoosha mkono. Siku hiyo mjomba alikuwa kwetu Mbeya akimuuguza mama. Mimi ndiye niliyempokea stendi, na kadi ya hospitali ina tarehe.

Mjomba hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mkono wangu mlininyooshea nyinyi?"

Hakuna aliyemjibu. Suala lenyewe bado linasumbua mpaka leo, wala sitakudanganya kwamba tumeshinda. Lakini swali lile asingeweza kuliuliza kabla ya kusikia karatasi inasemaje. Mtu asiyejua kilichoandikwa juu yake atalalamika, atalaani, atalewa. Kuuliza hawezi.

Haki hii si hisani ya karani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu raia ndani ya siku 30. Uswidi walikuwa na sheria ya namna hii tangu 1766, Uganda tangu 2005. Hatukuwa wa kwanza, lakini tunayo.

Tatizo ni kwamba sheria yetu ina mkono mmoja mzito na mwingine mwepesi. Anayetoa taarifa iliyozuiwa anaweza kufungwa miaka 3 hadi 5. Sasa wewe ungekuwa karani, na watoto wanataka ada, ungetoa au ungesema "njoo kesho"? Ukinyimwa, rufaa yako inapanda kwa mkuu wa taasisi na kisha kwa waziri, wakati Kenya, waliopitisha yao mwaka huohuo, malalamiko yanapokelewa na tume inayojitegemea. Hapa ndipo pa kupanua: mwamuzi awe mtu wa nje, na karani mwaminifu alindwe.

Na lugha je? Sheria zetu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge liliamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Vizuri, ila mjomba hali uamuzi. Anataka kijitabu chenyewe akishike mkononi.

Usidhani haya ni maneno ya barazani. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, hukohuko Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa akiwa kazini, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mwangosi alikuwa amekwenda kuona ili wengine wajue. Nikipita Nyololo kwenye basi huwa nafunga kitabu.

Basi wenzangu mnaoandika, kabla ya kubuni sura inayofuata, andikeni barua moja ya kweli. Ulizeni mapato na matumizi ya mtaa wenu, au michango ya shule. Wekeni tarehe, bakini na nakala, hesabuni siku 30. Na bibi jirani asiyejua kuandika, mwandikieni yake bure.