Majina Yaliyokuwa Gizani



Umeme ulikatika ghafla hapa Kwedizinga, na kompyuta ya parokia ikagoma kuwaka. Humo tulinakili daftari la ubatizo, ambalo kurasa zake za kale zimeliwa na mchwa. Binti mmoja alingoja cheti ili ndoa yake itangazwe.

Tulishauriwa kuweka programu endeshi upya. Tulikataa, kwani kuandika juu ya diski mbovu huweza kufuta kilichosalia. Kijana wa kwaya alileta sidii ya Knoppix, mfumo uliotolewa mwaka 2000 na Mjerumani Klaus Knopper. Huo huiwasha kompyuta kutoka kwenye sidii yenyewe, pasipo kuitegemea diski ya ndani. Tuliifungua diski kwa kusoma tu, tukahamishia mafaili kwenye flashi.

Jina la binti lilipatikana; mengine yamepotea. Kosa ni letu: Kanuni ya 535 yatudai kuvitunza vitabu hivi kwa uangalifu, nasi tulitegemea nakala moja.

Wapendwa, mlio na vyeti vya zamani vya ubatizo, vileteni ofisini. Tuyarudishe majina yaliyokosekana.