Aya Niliyoikata kwa Kalamu Nyekundu

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya Misa na usafi, sisi mafrateri wa mwaka wa pili wa falsafa tunakwenda kwenye utume. Wengine hutembelea wagonjwa, wengine hukaa na watoto wa Utoto Mtakatifu. Mimi nilipangiwa sekondari ya kata iliyo ng'ambo ya bonde, kusaidia Kiswahili kidato cha pili. Mwalimu wa somo, mama wa makamo mwenye mikondo mitatu peke yake, alinipokea kwa furaha ambayo sikuistahili. "Frateri, wewe nisaidie insha tu. Insha ndizo zinazowaangusha."

Nilibeba rundo la madaftari hadi seminari. Mada ilikuwa umuhimu wa maji. Karibu kila daftari lilikuwa na aya ya namna hii: kwanza, maji ni muhimu kwa kunywa, maji yana umuhimu mkubwa katika kunywa, bila maji mtu hawezi kunywa, hivyo basi maji ya kunywa ni muhimu sana. Sentensi nne, jambo moja. Ni kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti: anazunguka, anazunguka, mpaka kamba inaisha. Wamefundishwa kwamba insha ni hoja sita na kila hoja ina aya yake, lakini hakuna aliyewaonyesha aya inajazwa na nini. Na kabla sijawacheka, niseme kwamba mahubiri yangu ya kwanza ya mazoezi, mbele ya mlezi na wenzangu, yalikuwa hivyo hivyo. Nilisema tupendane, nikasema ni vema kupendana, nikamaliza kwa kusema ndiyo maana tunapaswa kupendana. Waamini mnaotusikiliza Jumapili mnaijua aya hiyo. Mtuombee.

Jumamosi ya kwanza niliandika ubaoni njia tano za kukuza aya: kueleza maana, kutoa mfano, kulinganisha, kuonyesha sababu na matokeo, na kusimulia kisa. Wenzangu waliposikia ni tano walinitania wiki nzima kwamba nimekuwa Mtakatifu Thoma wa Akwino na Njia Tano zake. Wanafunzi walinakili vizuri sana, vichwa kwa wino mwekundu, maelezo kwa wa buluu. Wiki iliyofuata nikakusanya madaftari tena. Mmoja aliandika: "Mfano, maji ya kunywa ni mfano wa umuhimu wa maji." Njia alikuwa nayo, ila haikumpeleka popote.

Nikaacha orodha, nikachukua Luka sura ya 15. Darasa lilikuwa na Waislamu na Walokole pia, nikawaambia tunaangalia uandishi tu. Yesu ananung'unikiwa kwamba anakula na wenye dhambi. Ana jambo moja la kujibu: mbinguni kuna furaha kwa mwenye dhambi anayetubu. Angeweza kulirudia mara tatu. Badala yake anatoa kondoo 1 kati ya 100, halafu shilingi 1 kati ya 10, halafu mwana 1 kati ya 2. Niliandika namba hizo ubaoni nikakaa kimya. Msichana mmoja wa mbele akasema, "Inazidi kuuma, Frateri." Ndiyo. Mfano wa pili haurudii wa kwanza, unausogeza mbele. Ukipoteza mmoja kati ya wawili, umepoteza nusu ya nyumba. Kisha mvulana mwingine akauliza kama yule kaka mkubwa aliingia ndani kwenye sherehe au la. Tukatafuta, hakuna. Hakuna "hivyo basi". Walishangaa kwamba inaruhusiwa.

Siku hiyo nilirudi seminari nikijiona mwalimu. Na katika madaftari ya siku hiyo hiyo ndipo nilipofanya kosa ninalotaka kulieleza.

Kijana wa dawati la mwisho, mpole, anayeketi karibu na dirisha lisilo na kioo, alikuwa ameandika aya yenye sentensi moja tu: "Maji ni muhimu kwa sababu dada yangu aliacha shule." Niliipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: haihusiani na mada. Nikaendelea na daftari lingine.

Wiki ile ile katika somo la mantiki tulikuwa tunasoma enthimema, yaani hoja ambayo sehemu yake moja haikutamkwa na msikilizaji anatakiwa kuijaza mwenyewe. Tulifanya jaribio, nikapata alama nzuri. Enthimema ya kwanza kukutana nayo nje ya darasa nilikuwa nimeikata.

Jumamosi iliyofuata alileta daftari tupu. Sikumsema. Wakati wa mapumziko nilimkuta chini ya mwembe, tukasalimiana, nikamwambia sikuielewa sentensi yake, naomba anieleze. Alieleza akitazama chini. Chemchemi ya karibu na kwao hukauka kiangazi. Dada alikuwa anaamka usiku kwenda kisima cha mbali. Kisimani kuna foleni. Akifika shule vipindi vimeanza, anapewa adhabu ya kuchelewa. Basi siku ambazo anajua atachelewa, akawa haendi kabisa. Halafu mitihani ikamshinda. Halafu akaacha. Nilikuwa nimewaeleza sababu na matokeo ubaoni kwa mishale, na mtoto huyu alikuwa na mnyororo mzima kichwani, kila pete imeshika nyingine.

"Kwa nini hukuandika hivyo?"

Akanyamaza kidogo. "Kwa sababu mtu atauliza mimi nilikuwa wapi. Mimi sikuchota, Frateri. Mimi ni mvulana. Nilikuwa nasoma."

Sikuwa na jibu. Nilichokijua siku hiyo, ambacho hakikuwa kwenye orodha yangu, ni kwamba mtu anaweza kufupisha aya kwa sababu urefu wake ungemfichua. Nasi tukidhani ni uvivu.

Akaniuliza kama nitaisoma mbele ya darasa, maana nilikuwa na mazoea ya kusoma zile nzuri kwa sauti. Nikasema sitaisoma. Ndipo akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: katika zile tano, ipi inafaa kusema jambo kama hili bila kumtaja mtu? Tulizijaribu. Kisa kingewataja. Sababu na matokeo kungemwacha yeye nje, na hakutaka kujiacha nje, alisema hivyo mwenyewe. Akachagua kulinganisha.

Aliandika aya yenye sentensi nane. Nyumba moja, watoto wawili. Saa kumi alfajiri mmoja anainuka kuchukua ndoo, mwingine anageukia upande wa pili. Saa moja mmoja yuko kwenye foleni, mwingine yuko mstarini shuleni anaimba wimbo wa taifa. Iliendelea hivyo, huyu na yule, mpaka sentensi ya mwisho iliyosema kwamba wote wawili wanakunywa maji yale yale. Neno "muhimu" halikuwamo hata mara moja. Kuna makosa mawili ya tahajia. Niliyaacha, ingawa mwalimu wake angenilaumu.

Katika ukurasa wa nyuma mstari wangu mwekundu ulikuwa bado unaonekana. Niliandika pembeni yake kwamba inahusiana, nikatia sahihi. Nikamwambia pia kwamba mwaka 2021 Serikali ilitoa waraka unaowaruhusu waliokatisha masomo kurudi shuleni, na nikamwomba ruhusa nimwonyeshe mwalimu mkuu ile aya.

Alilifunga daftari, akalishika kifuani. Akasema atamwuliza dada kwanza.