Anakulipa Kodi, Lakini Moyo Wake Uko Wapi?

Leo nina somo nililolipata mahali ambapo hukutarajia mchungaji wako ajifunze: kwenye gemu.

Shule zimefungwa. Jumamosi nilimkuta kijana wangu kwenye kompyuta, nikataka kuizima. Akaniambia, "Baba, keti ucheze kwanza, ndio uhukumu." Nikaketi. Gemu yenyewe inaitwa Europa Universalis IV. Inaanza mwaka wa 1444, naye akanipa Ufaransa. Ukiwa Ufaransa, unaanza ukiwa na nchi vibaraka kadhaa, kama Orléans na Armagnac. Kila moja ina mtawala wake, lakini inakulipa kodi na kukusaidia vitani.

Nilifurahi, wapendwa! Nikapokea kodi, nikapigana vita baada ya vita, nikajiongezea vibaraka wengine. Kuwajulia hali? Sikuwa na hiyo habari. Halafu vita vikali vikaja, nikageuka kuwaita, na hakuna aliyeinuka.

Kumbe kuna namba ambayo sikuwa naiangalia: hamu yao ya uhuru. Ikifika asilimia 50, kibaraka si mwaminifu tena. Kodi inakatika, jeshi lake halikusaidii, na adui yako anaweza kumuunga mkono ajitoe kwako. Tena gemu inajumlisha nguvu za vibaraka wako wote, kisha inazipima na zako. Mmoja mmoja ni wadogo. Wakiwa wengi, na wewe umechoka kwa vita, wote wanapata ujasiri.

Kijana akanionyesha dawa. Tuma balozi akajenge uhusiano nao. Wakiwa na deni, walipie. Alama zako za maendeleo usizimalize kwako tu. Ukijenga mikoa yao, ile hamu inashuka. Na usiwe na haraka ya kuwameza. Lazima miaka 10 ipite kwanza, na wawe wanakupenda sana. Hata hivyo, ukimeza mmoja, sifa yako inashuka, na wengine wanaona.

Nikamkumbuka Mesha, mfalme wa Moabu, katika 2 Wafalme 3. Alikuwa akimlipa mfalme wa Israeli sufu, pamoja na wana-kondoo 100,000 na kondoo dume 100,000. Ahabu alipokufa tu, Mesha akaasi. Kodi ilikuwa inafika miaka yote, lakini moyo ulikuwa umeondoka zamani.

Sasa nisikize, maana hapa ndipo niliguswa. Nina ndugu yangu mdogo. Nilimlipia karo mpaka akamaliza. Tangu hapo, nikimpigia simu ni kumwagiza: changia hiki, kuja ufanye kile, kumbuka nani alikusomesha. Alikuwa akitii, nami nikadhani tuko sawa. Mwaka huu hashiki simu zangu. Mimi nilimwita mtovu wa shukrani, kumbe ni mimi sikuwahi kuangalia ile namba.

Jumamosi hiyo usiku nilimtumia ujumbe. Sikumwomba kitu. Nilimuuliza watoto wanaendeleaje, na kama kuna mzigo ninaoweza kumsaidia kubeba. Hajajibu bado. Nitamuuliza tena wiki hii.

Na wewe mpendwa, ni nani aliye chini yako ambaye unamkumbuka tu siku ya vita? Mfanyakazi wako? Mtoto wako? Mtafute leo, bila agizo mkononi.

Ubarikiwe.