Hamsini na mbili kati ya mia mbili

Hapa Nyakitonto nilikuwa najulikana. Ukifika centa jioni ukauliza nani anajua pool, wangekuonyesha mimi. Meza yenyewe iko chini ya turubai, imeinama kidogo upande wa barabara ya Kibondo, na kitambaa chake kimepauka kwa vumbi letu jekundu. Huchezwa kuanzia jioni. Tangu mwaka 2016, Rais Magufuli alipowasema hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi, hakuna anayependa kuonekana na fimbo kabla watu hawajatoka shamba.

Sasa bwana, nikasoma mahali kuhusu zoezi la Mmarekani mmoja, Allen Hopkins. Unapasua mipira kumi na mitano, halafu unauweka mpira mweupe popote utakapo. Kumi ya kwanza unaingiza yoyote, pointi moja kila mmoja. Mitano ya mwisho lazima ufuate namba, kuanzia ndogo, pointi mbili mbili. Ukikosa, umeisha. Mchezo mmoja una pointi 20, unacheza kumi, jumla 200. Hakuna mpinzani.

Kwa meza ya sarafu ya mia mbili, zoezi zima ni shilingi 2,000. Nikachukua daftari ninaloandikia hadithi zangu, nikaligeuza, nikaanza nyuma.

Nne. Saba. Mbili. Tisa. Tano. Tatu. Nane. Sita. Moja. Saba.

Hamsini na mbili! Na kila nilipokosa vijana walishangilia, maana mipira iliyobaki walikuwa wanaimalizia bure. Sijawahi kuchezea mbele ya mashabiki wanaoniombea mabaya kwa moyo mweupe namna ile.

Nilisingizia meza. Wiki iliyofuata nikapata 66, halafu 61. Pembeni ya kila mchezo nikawa naandika sababu ya kukosa, na ukurasa ukawa unajirudia kama mlevi: "mweupe umelala ukingoni", "mweupe umelala ukingoni". Kuingiza najua. Ila nikishaingiza sijui mweupe unakwenda wapi. Miaka yote hiyo nilikuwa nashinda kwa kuwa wenzangu wanakosa zaidi yangu, na hilo hakuna aliyewahi kuliandika popote.

Hapo ndipo likaja jambo la jamaa wa Kasulu mjini. Alitaka mchezo wa laki moja. Shemeji yangu, dereva wa bodaboda, akaja usiku na pesa mkononi. Zilikuwa za marejesho ya pikipiki, najua, dada aliniambia.

Nikamfungulia daftari. Akalisoma kwa tochi ya simu, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Shemeji," akasema, "kwani huyo jamaa naye ana daftari?"

Sikuwa na jibu. Namba zangu zilinieleza mimi tu. Nikasema sichezi. Centa nzima ikasikia, na kwa siku kadhaa nikawa napita njia ya nyuma kwenda dukani.

Jamaa alikuja Jumamosi, akacheza na mtu mwingine kwa kiasi kidogo, akashinda. Mimi nilisimama nyuma nikihesabu kwa vidole mfukoni. Mara nyingi alikuwa anaingiza mitatu mfululizo. Mara moja mitano. Baada ya hapo mweupe wake nao ukalala ukingoni.

Nilipoinua macho shemeji alikuwa ananitazama. Ameona vidole vikitembea ndani ya mfuko. Hakusema kitu, akapiga pikipiki yake kiki, akaondoka. Wiki nzima hakupiga hata simu, na dada naye akawa ananijibu kwa mkato, ingawa marejesho yalilipwa kwa wakati.

Jumapili moja akatokea na sarafu kumi kwenye kimfuko cha plastiki. Akaomba daftari, akaandika jina lake juu ya ukurasa mpya, akapaka fimbo chaki.

Mchezo wa kwanza: tatu. Akaniangalia.

"Andika," akasema.