Redio ya babu yaniumbua Turiani

MPENZI msomaji, wenzetu wa Ulaya na Marekani wana mambo. Wapo watu wazima na akili zao wanaosaka mashine kuukuu za kufyonza vumbi, wanazifungua, wanazipiga rangi na kuzitia mota nyingine, kisha wanatambiana nazo. Nilikuwa nawacheka, mpaka juzi nilipokwenda Turiani. Kule vumbi linaondolewa kwa fagio la chelewa, lakini ugonjwa wa kufufua vitu vya kale upo. Wao wanafufua redio.

Turiani si mbali. Unapanda gari Msamvu, mjini Morogoro, unapita Dakawa, ukifika Magole unaiacha barabara ya Dodoma na kukata kulia. Ila usijiumbue kama mimi, niliyeisifia milima ya Uluguru mbele ya abiria wenyeji. Wakacheka hadi basi! Ile unayoiona pale ni milima ya Nguru, na chini yake ni mashamba ya miwa.

Bibi yangu anaishi huko. Babu alikuwa mkata miwa Mtibwa, na alipofariki alimwachia redio ya National inayokula betri nne kubwa. Redio hiyo imeona mengi. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwa vikundi kusikiliza redio na kujifunza kujikinga na maradhi. Babu alikuwemo, na bibi anasema ndiyo iliyomfanya achimbe choo. Mtibwa Sugar ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1999, ikarudia mwaka 2000, kibaraza cha babu hakikuwa na pa kukanyaga.

Siku hizi redio ilikuwa bubu. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja, mzee wa makamo, pale Madizini.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, kijana. Mgonjwa anaumwa nini?"

Akaifungua, akapuliza vumbi, akafuta kwa brashi. Ubovu ukaonekana: springi za betri zimeliwa na kutu, kamba ya kutafutia stesheni imekatika, na karatasi ya spika imetobolewa na panya. Tatizo kubwa lingine, redio za namna ile hazina FM. Zinakamata masafa ya kati na masafa mafupi, wakati stesheni nyingi za sasa ziko FM.

Mimi, mtoto wa mjini, nikatoa amri. "Toa matumbo yote fundi, weka kile kidude cha flashi na memori kadi, tia na taa za rangi. Nataka imlize bibi kwa raha!"

Fundi akaweka bisibisi chini. "Mwenye redio umemuuliza?"

Nikabaki mdomo wazi. Nikapanda bodaboda kurudi kwa bibi.

"Mume wangu," bibi akaniambia kwa ule utani wake, "macho yangu huyajui? Hivyo vitufe vyenu vidogo kama punje za mtama nitavibonyeza vipi? Kile cha babu yako mkono wangu unakijua hata gizani. Mkikitoa, redio mmejitengenezea wenyewe."

Kwa kweli niliona aibu. Nilikuwa natengeneza redio yangu kwa jina la bibi.

Fundi alikaa nayo siku mbili. Alibadilisha springi na kapasita zilizovimba, akaziba spika kwa karatasi na gundi. Halafu akachukua kibao cha FM kutoka kwenye redio nyingine iliyokufa, akakifunga kwa kamba mpya kwenye kitufe kilekile cha babu. Flashi hakuna, taa hakuna.

Jioni bibi akaipapasa, akazungusha polepole. Ikakwaruza kidogo, kwani FM haipendi milima kati yake na mnara. Akasogeza redio karibu na mlango, sauti ya mtangazaji ikatoka safi. Hakulia wala hakucheka. Alisema tu, "Haya, nyamazeni tusikilize," kama alivyokuwa akisema babu.

Msomaji, kama una kitu cha zamani nyumbani, kifufue, lakini muulize kwanza atakayekitumia. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.